Jumatatu Gari Haliwaki

Watu wa Njombe watacheka nikisema Mtwara kuna baridi. Wacheke. Mwezi wa saba, asubuhi, huku kwetu Mtawanya mikorosho inadondosha umande kama imenyeshewa, na mimi nipo kwenye usukani na sweta la mume wangu, mtoto kalala kiti cha pembeni, napiga stata ya gari lililonizidi umri.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa mguu wa kulia umepinda kwa ndani. Kila Jumatatu hospitali mjini wanaunyoosha kidogo, wanaufunga hogo, ile plasta ngumu, toka vidoleni mpaka pajani. Wanaofunga wapo siku hiyo tu. Ukiruka wiki, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Bodaboda nilijaribu mara moja. Ule mguu ulichomoza pembeni kama ubao, tukapishana na bajaji nikafumba macho. Sirudii.

Basi kila Jumatatu ni nyii-nyii-nyii, kimya. Likikubali kuwaka linatetemeka, ukikanyaga mafuta linasita, linakohoa, na lori nyuma yako linapiga honi kama umeiba barabara. Jumatatu moja tulifika chumba kimeshafungwa. Wiki iliyofuata nesi aliubonyeza mguu, akaugeuza, ukamgomea mkono. Ule mgomo nilirudi nao nyumbani.

Fundi alikuja saa sita mchana, jua kali. Akapiga stata, likawaka mara moja.

"Shemeji, si hili hapa? Hili linataka mkono wa mwanaume, wewe unalibembeleza."

"Njoo Jumatatu asubuhi na huo mkono wako."

Hakuja. Mchana ule alikuwa amebadilisha plagi, akatubadilishia na betri, Jumatatu ikafika, nyii-nyii-nyii. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu aliyekuwa anasema "litazoea," nikalikasirikia gari. Hasira yangu watu wanaiona kama ugonjwa. Mimi naona ndiyo iliyonifanya niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini Jumatatu? Jumanne linawaka. Alhamisi linawaka. Gari halijui kalenda.

Jumapili mume wangu huenda Msimbati kuchukua samaki wa kuuza. Kule anapita kwenye mchanga kando ya bahari, akirudi gari limeganda chumvi mpaka kwenye vioo.

Jumapili iliyofuata alirudi jioni, jua bado lipo, akaanza na mtoto. Huwa anamwogesha yeye siku hiyo. Mguu kauvalisha mfuko wa plastiki, kaukaza kwa mpira, kauinua juu ya beseni. "Lete taulo, mama. Tone lisiguse." Anasema taratibu, utafikiri anaongea na yai. Kisha akanipa mtoto, akatoka uani, akafunua boneti na kuimwagia injini ndoo nzima ya maji.

Nilisimama mlangoni na mtoto na taulo. Nilikuwa nimeiona ndoo ile mara ngapi? Ndugu zake wote wanafanya hivyo, baba yao aliwafundisha: gari la pwani usipolitoa chumvi linaliwa. Miezi ya joto maji yanakauka. Kipupwe hayakauki.

"Mtoto tone lisimguse, gari unalimwagia ndoo?"

"Natoa chumvi."

"Unatoa chumvi au unamtoa mtoto mguu?"

Akaiweka ndoo chini. "Baba ameosha hivi miaka yote."

"Baba yako Jumatatu asubuhi alikuwa anawahi wapi?"

Nilimuumiza, nilijua, na sikuomba radhi.

Asubuhi nilifunua boneti mwenyewe. Fizikia ya sekondari siikumbuki yote, ila umeme ukikutana na maji unapotea njia, hiyo naikumbuka. Nikabandua kile kikofia cheusi zinakotokea waya za plagi. Ndani kilikuwa kinatoka jasho kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nikakifuta kwa nepi kavu, nikafuta na waya moja moja, nikarudisha. Stata ya kwanza likakohoa. Ya pili likawaka. Nikakanyaga mafuta, likaitika.

Njiani nilimfikiria mume wangu. Mikono ile ile iliyouinua mguu juu ya maji ndiyo iliyobeba ndoo, na kote alikuwa anatunza. Laiti angekuwa mzembe, ningemgombeza nikamaliza. Mtu anayekuharibia huku anakutunzia, unamkasirikia kuanzia wapi?

Nesi alilikata hogo, akaubonyeza mguu, akaugeuza. Safari hii ulimfuata mkono.

Simu ikaita. Yeye.

"Limewaka?"

"Uliza mguu kwanza," nikamwambia.

"Mguu je?"

Nikamwambia, na namna nilivyofuta injini kwa nepi. Nikamsikia anavuta pumzi, halafu, taratibu kama vile anaongea na lile yai, akauliza ile nepi niliyofutia nimeiweka wapi, ili Jumapili baada ya ndoo afute yeye.