Maswali kwa Mzee wa Mtambo wa Kokoto

Mwaka ambao mwanangu wa pekee alienda kufanya kazi Uarabuni, nilipata kibarua cha wiki tatu cha kuuliza watu maswali. Waliotuajiri walitaka kujua machimbo ya mawe na mchanga, kutoka Kitale hadi Bungoma, yamepokea vipi mitambo ya kisasa. Nilipewa tableti, kitambulisho cha kuvaa shingoni na maswali arobaini. Nilikubali upesi. Chumba changu pale Kitale kilikuwa kimya mno, na nilikuwa nimeanza kujibizana na redio.

Maswali yenyewe yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika nyundo. Kule Saboti niliwakuta akina mama wameketi chini ya turubai wakigonga kokoto, vidole wamevifunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Nikawauliza kama wanatumia droni kupima mwamba.

"Ati ndege ya kupima jiwe?" mmoja akasema. "Si jiwe ndio hili unaona, bana!"

Wakacheka wote kwa pamoja. Nilibonyeza "hapana" swali baada ya swali, nikaondoka nikikionea wivu kicheko chao.

Baadaye nikaelekezwa kwenye chimbo lenye mtambo unaoongozwa na kompyuta, upande wa mlimani, njia ya kwenda Kapsokwony. Bodaboda ilinishusha kwenye lango asubuhi ya mvua. Nilitarajia kukuta umati wa watu. Nilimkuta mzee mmoja tu ndani ya kibanda cha vioo, mbele ya skrini. Mtambo ulikuwa umezimwa. Lori la mawe lilikuwa limekwama kwenye matope huko chini, naye alikuwa akilingoja.

Nilipofika swali la idadi ya wafanyakazi, alijibu, "Ni mimi."

"Na kabla ya mtambo kuletwa, mzee?"

"Tulikuwa wengi. Hata mke wangu aligonga hapa mpaka akafariki. Mashine ikakuja, wengine wakaambiwa waende nyumbani. Mimi nikafunzwa hii skrini." Alipangusa kioo kwa mkono wa sweta. "Sikatai, kazi ni rahisi. Mgongo umepona. Lakini kutwa nzima sisemi na mtu, madam. Tajiri mwenyewe ananiangalia na kamera tu."

Swali la arobaini lilipoisha alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba. "Yameisha? Hakuna ingine?"

"Yako mengine," nikadanganya.

Nikamuuliza ni nani anayempikia. Nikamuuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Alinieleza, na aliponiuliza mimi naishi na nani, nilimwambia ukweli ambao hata jirani zangu sikuwa nimewaambia: kwamba mwanangu hupiga simu mara moja kwa mwezi, na siku hiyo ikipita najisikia vibaya kuliko kabla hajapiga. Hakunipa ushauri. Alitikisa kichwa tu, tukakaa tukitazama mvua hadi lori lilipofika.

Siku mbili baadaye msimamizi wangu alinipigia simu kutoka ofisini Bungoma. "Mahojiano yako ya pale mlimani yamekataliwa na mfumo. Yamechukua zaidi ya saa mbili. Rudia, na usipite dakika arobaini."

Nikarudi wakati wa chakula cha mchana. Mzee alikuwa ameipata stuli ya pili mahali fulani, akaibana kibandani humo, na alikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Nilisema labda utapita tena," akaniambia.

Nilimweleza kuhusu zile dakika. Uso wake ulibadilika, lakini akasogeza kiti chake karibu na tableti. "Basi uliza haraka. Sitaki wakufute kazi sababu yangu."

Alijibu kwa neno moja moja, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Tulimaliza mapema. Chai niliinywa nimesimama, ikiwa moto bado, kwa sababu muda wake wa kupumzika ulikuwa umekwisha. Sheria ya kazi yetu ilikataza kuchukua namba ya simu ya mtu tuliyemhoji, nami sikuichukua. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii.

Alifunga mlango, akauwasha mtambo. Alikuwa akiniambia kitu kutoka nyuma ya kioo, midomo inacheza, lakini kwa ule mngurumo sikusikia hata neno. Nikampungia mkono, nikaanza kuteremka.