Mbao Mbili za Kwenda Mbezi Beach

Jumapili ile Rosalia hakwenda kanisani. Alikwenda kituo cha basi cha Mabibo, kakumbatia ubao mrefu uliopinda kwa mbele, na mumewe Gregori yuko pembeni kakumbatia wa pili. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba, ndefu kumfikia Gregori utosini, na katikati zina mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye makatambuga chakavu ya matairi; upande wa chini Gregori kazifunga gunia. Kila aliyepita aligeuza shingo.

“Hizo nini tena, braza?” akauliza mtu mmoja foleni.

“Za kuvaa miguuni,” Gregori akasema. “Unavaa, unashika kamba, boti inakuvuta, unateleza juu ya maji.”

“Juu ya maji?”

“Juu ya maji.”

Yule mtu aliguna, akasogea kando kidogo, kama watu wanavyosogea wakihisi mwenzao hayuko sawa. Gregori hakujali. Asubuhi nzima hakuwa amekaa kitako hata dakika. Alikwenda mwisho wa foleni, akarudi, akachungulia barabarani, akaangalia mikanda yake ya mpira mara ya mia, akauliza basi lina nini leo. Rosalia alimtazama tu. Mtu akishaishi na kisulisuli miaka yote ile, hashangai tena vumbi.

Hadithi ya mbao ilikuwa hivi. Mwaka ule wa themanini na tatu madukani hakuna kitu, sabuni ni ya kupanga foleni, petroli ya kubahatisha. Hoteli moja ya ufukweni kule Mbezi Beach ilikuwa na mbao za wageni za kutelezea baharini, zilizotoka Ulaya, nazo zikavunjika. Fedha za kigeni za kuagiza nyingine hazipo. Meneja, Bwana Revelian, akasikia kuna Mmakonde Mabibo anayechonga. Akamwita, akamwonyesha kipande kilichovunjika, akamwambia: niletee jozi itakayobeba mtu, nikuandike fundi wa hoteli, upate kitambulisho cha kazi.

Kitambulisho! Neno hilo wakati ule lilikuwa na uzito kuliko unga. Kampeni ya Nguvu Kazi ilikuwa imepamba moto, na mwanaume aliyekutwa njiani bila cha kuonyesha aliitwa mzururaji, akapandishwa lori, akapelekwa mashambani akalime. Mabibo walikwishachukuliwa wengi. Wengine waliaga wanakwenda kununua mkaa tu, hawakurudi.

Na Gregori kitambulisho hakuwa nacho, wala hapakuwa na wa kulaumiwa ila yeye. Alitoka Newala kijana, akakata mkonge Tanga, akaacha. Akabeba mizigo bandarini, akaacha. Akaingia kiwanda cha viatu, hata viatu vyenyewe hakuvizoea, akaacha. Hakufukuzwa popote. Siku ikifika miguu inamwasha, basi. Mara ya mwisho alikuwa kwenye ushirika wa wachongaji, akaambiwa achonge tembo wote wa kimo kimoja kwa ajili ya wanunuzi wa nje. “Mie siyo mashine,” akasema, akafunga patasi zake kwenye kanga ya mkewe, kanga mpya tena, akarudi nyumbani kabla ya saa ya chai.

Tangu hapo waliishi kwa mshahara wa Rosalia wa kiwanda cha nguo. Mtoto wao Tekla walikuwa wamempeleka kwa bibi yake Newala ili shule isikatike. Rosalia hakugomba. Watu wanaogomba bado wana matumaini. Yeye alikwenda kimya kimya Segerea kwa dada yake Margareta, akatafutiwa chumba, akakilipia. Akajiwekea ahadi moja: nitamsindikiza Gregori hadi Mbezi Beach, nimwone kwa macho yangu. Akiacha na hii, sirudi naye Mabibo. Nahamia Segerea leo hii hii.

Gregori hakujua lolote. Basi lilipofika alikuwa wa kwanza mlangoni.

“Kuni haziingii humu!” kondakta akafoka.

“Kuni gani zilizopakwa vanishi?” akajibu Rosalia. “Vyombo vya kazi hivyo. Tunalipa nauli kama watu wengine, tena sie tunashuka mwisho.”

Waliingia. Mbao zikapita juu ya vichwa vya waliokaa, na waliosimama wakaona bora kuzishika kuliko kupigwa nazo usoni. Gregori alisimama karibu na mlango wa nyuma, ambao haukuwa ukifunga, Rosalia hatua chache mbele yake.

Walipokuwa wamepita Mwenge, basi likapunguza mwendo, likasimama pasipo na kituo. Mgambo. Wawili wakabaki chini upande wa mbele, kiongozi wao akapanda, mwanaume mnene mwenye sauti ya kichovu.

“Vitambulisho mkononi. Haraka, jua kali.”

Rosalia akageuka kumtazama mumewe, naye Gregori alikuwa akiutazama mlango. Upande wa nyuma hapakuwa na mgambo hata mmoja. Chini kulikuwa na mtaro, ng’ambo ya mtaro majani marefu. Mguu wake wa kulia ulikwishafika ukingoni. Angeweza kuruka, ila siyo na ubao; ubao ulikuwa mikononi mwa watu watano.

Ruka basi, Rosalia akawaza, na moyo ukamdunda kwa namna aliyoistaajabia mwenyewe. Ruka, tumalize.

Gregori aliurudisha mguu ndani.

“Chako?” kiongozi wa mgambo alikuwa amemfikia.

“Ndiyo nakifuata, afande. Hotelini, Mbezi. Nimewachongea hizi, zikibeba mtu naandikwa kazi leo.”

“Zikibeba mtu wapi?”

“Baharini.”

Afande akaugeuza ubao upande wa chini, akalifunua gunia, na waliokuwa karibu wakanyoosha shingo. Chini kulikuwa kumechongwa watu. Watu wamebebana, huyu kakaa mabegani pa yule, mikono imeshikana, miguu imepishana, kutoka kisiginoni hadi kwenye ncha. Rosalia mwenyewe hakuwa ameona. Walichongwa yeye akiwa zamu kiwandani.

“Huu uganga,” akanong’ona mtu.

“Mzururaji,” akasema afande. “Tena mzururaji mwenye mambo. Shuka.”

“Afande, shikamoo,” Rosalia akasema. Umri wao ulikuwa mmoja, lakini shikamoo ya haja haiangalii umri. “Huyo mume wangu. Mie ndiye nafanya kazi, kitambulisho changu hiki. Yeye ananitegemea. Mbona mama wa nyumbani hamumchukui?”

“Mama wa nyumbani mwanamke.”

“Na yeye yumo nyumbani. Anapika, anafua, anachota maji. Kasoro kunyonyesha.”

Watu wakaangua kicheko. Afande naye uchovu ukamtoka, akamtazama Gregori kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Haya. Aseme mwenyewe.”

Gregori alikaza taya. Rosalia aliujua uso ule. Ndio uso wa siku ya tembo.

“Nalishwa na mke wangu,” akasema Gregori, kwa chini.

“Sijasikia.”

“Nalishwa na mke wangu! Tangu Krismasi ya mwaka juzi! Chakula, nguo, hata hizo mbao kanunua yeye!”

“Na wangu hivyo hivyo,” akapaza sauti mama mmoja kiti cha nyuma, “ila wangu hasemi!”

Basi lilicheka mpaka kondakta akashika tumbo. Afande akashuka akipangusa macho, akawaonyesha wenzake waache liende. Gregori hakucheka. Alitazama nje njia yote iliyobaki, na shingo yake ilikuwa imeloa jasho. Rosalia alimwonea huruma, na palepale akaikasirikia ile huruma, maana ndiyo iliyomfunga miaka yote.

Hotelini Bwana Revelian aliwapokea kwa adabu, akazipigapiga mbao kwa kidole, akamwita Zahor, kijana wa Kiarabu aliyefundisha wageni kuteleza. Gregori akatoa magunia, Zahor akavaa, akaingia majini, boti ikanguruma, kamba ikakaza. Akainuka nusu, mbao zikayumba kila moja na njia yake, akaanguka. Wakarudia. Akaanguka tena, safari hii kwa mgongo.

Alirudi ufukweni akitema maji. “Fundi,” akasema, akiwa amegeuza mbao, “chini huku umetia nini? Maji yanazikamata. Huku panatakiwa pawe laini kama sahani.”

“Ubao mtupu unanitia aibu,” akasema Gregori.

“Nani ataona chini?” akauliza Bwana Revelian.

Gregori aliupangusa ubao maji kwa kiganja. Jibu Rosalia alilijua. Mtu wa kwao hawezi kuacha mti bila uso, hata uwe wa kwenda kutazamwa na samaki.

“Sikiliza,” akasema Bwana Revelian. “Kazi nzuri, nakubali. Lakini petroli iliyobaki ni ya mzunguko mmoja. Toa hizo sura zote, tujaribu leo. Hutaki, chukua mbao zako, tuagane vizuri.”

Ndiyo hapo. Rosalia alijifunga kanga yake vizuri. Alikuwa anaisubiri sentensi ileile, mie siyo mashine, anaisubiri kama mtu anavyosubiri mlango ufunguliwe. Kutoka hapa atapanda basi la mjini, ashuke, apande la Segerea. Margareta atakuwa amepika.

“Randa ipo?” akauliza Gregori.

Ilipatikana moja, imekula kutu. Gregori akainoa kwenye ngazi ya saruji, akakaa mchangani, akaulaza ubao wa kwanza mapajani. Randa ikaanza kupita. Pua ikatoka, mkono ukatoka, kichwa kizima kikajiviringisha, kikaanguka. Aliyekaa pale alikuwa mwanaume yuleyule asiyekaa, na alikaa mpaka ubao wa kwanza ukawa mweupe wote. Rosalia alisimama nyuma yake. Hakuwa amewahi kuona kazi ya mumewe nzuri kiasi kile, na roho ilimuuma kuiona inavyokwenda.

Kwenye ubao wa pili Gregori alianza nchani, akashuka. Karibu na kisigino akasimama. Alikuwa amebaki mtu mmoja tu, yule wa chini kabisa, aliyewabeba wengine wote mabegani. Alikuwa mwanamke, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu. Rosalia alipeleka kidole kwenye kovu lake mwenyewe, alilolipata utotoni kwa kuangukia kinu.

Gregori hakugeuka. “Mama Tekla,” akasema, “na huyu?”

Rosalia alimtazama yule mwanamke. Shingo ilikuwa imezama, macho yamefumbwa, na mdomo haukuwa ukilalamika. Kumbe Gregori alikuwa akijua anabebwa na nani. Muda wote ule anazunguka uani na kupiga miluzi, alikuwa akijua.

“Mtoe,” akasema. “Kachoka.”

Randa ikapita.

Safari ya tatu Zahor aliinuka wima. Boti ikamvuta mbali, akapinda kushoto, akapinda kulia, akaachia mkono mmoja akapunga. Wageni wakapiga makofi. Bwana Revelian akampa Gregori mkono, akamwambia aje kesho asubuhi na picha za kitambulisho. Gregori akasema atakuja. Alisema mara moja, bila kuongeza neno.

Rosalia alitegemea furaha, haikuja. Kilichokuja ni kama mtu aliyefungasha mizigo, akafika kituoni, akaambiwa safari imefutwa. Hapo ndipo alipojijua. Hakumsindikiza mumewe ashinde. Alimsindikiza ashindwe. Miguu iliyokuwa inawasha safari hii ilikuwa yake yeye.

Walingoja basi la kurudi wakiwa mikono mitupu, mbao zimebaki hotelini.

“Hujafurahi,” akasema Gregori.

“Nimepanga chumba Segerea.”

Gregori aligeuka. “Chetu?”

“Changu. Nilikuwa nahama leo, ukiacha kazi.”

“Sikuacha.”

“Naona. Ndiyo maana sijui nifanyeje.”

Zamani Gregori angeruka, angepiga teke mchanga, angeanza kutembea kwa miguu kwenda popote. Alibaki amekaa kwenye jiwe, vumbi la mbao bado limo kwenye nywele zake, na aliogopa. Rosalia aliona wazi kwamba anaogopa, na hakuwa amewahi kumwona hivyo hata mbele ya mgambo.

“Kina kitanda?” akauliza mwishowe.

“Cha mtu mmoja.”

“Mie huwa nalala ubavu,” akasema Gregori.

Rosalia alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kucheka kwake, na basi lilipofika alikuwa bado hajamjibu.