Ukuta Uliosomwa Kutoka Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Elimu ya Afya pale Kwale alivitazama viatu vyangu vilivyojaa rangi, akasema, "Kuchora unajua. Sasa ujifunze kuchorea watu." Nilinuna. Nilikuwa nimeandika mabango ya maduka Ukunda miaka mingi, nikijiona bingwa.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Ukuta husuguliwa kwa msasa, hupakwa nyeupe ya kwanza ili rangi nyingine zishike, kisha hupigwa mistari kwa uzi uliotiwa chaki. Nilianzia kwetu Kinango, kwenye zahanati, picha tatu za kufuatana: mtoto anayeharisha, amelegea, mama akimnywesha maji ya chumvi na sukari, mtoto akicheza. Watu walielewa, nami kichwa kikavimba.

Nikapelekwa Vanga, nikachora zile zile kwenye ukuta wa zahanati. Nilikuwa bado huko, nikimalizia ukuta wa shule, Muuguzi Msimamizi wa zahanati aliponiita. Akina mama walikuwa wanayakataa yale maji. Asubuhi hiyo Bi Mwanasha alikuwa amemleta mjukuu wake, macho yameingia ndani, naye pia amekataa.

Nilimwamkia, nikamwuliza sababu.

"Marahaba, mwanangu. Si ukuta wako unasema?" Akaweka kidole kwenye picha ya kulia. "Huyu mzima, anacheza. Hapa ananyweshwa. Na huyu yu hoi. Nimtie mjukuu wangu ugonjwa kwa mkono wangu?"

Bi Mwanasha alisomea chuo cha Kurani, kwenye msahafu, na macho yake huanzia upande wa kulia. Mimi nilisoma shule ya misheni, yangu huanzia kushoto. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kosa ni langu, bibi," nikamwambia. "Nimeandika kinyume chenu. Mpe, tafadhali."

Alinitazama sana, kisha akapokea kikombe. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu vijiko. Karibu na adhuhuri yule mtoto alilia kwa nguvu, akataka uji, nami machozi yakanitoka mbele za watu. Alasiri nikaufuta ukuta wote, nikazipanga picha kutoka juu kwenda chini, maana huko sote tunaanzia juu. Tangu hapo sikuosha brashi kabla mtu wa mahali pale hajanisomea ukuta.

Nimestaafu sasa. Juzi nilipita Vanga, nikamkuta yule mjukuu, mama mtu mzima, amembeba mwanawe mbele ya ukuta ule. Kidole cha mtoto kilikuwa kikishuka polepole. Kilipofika chini, kwa yule anayecheza, nilishusha pumzi kana kwamba ni asubuhi ile ile.