Kimea cha Harusi ya Nadège

Kilichonitoa nyumbani Mangobo, hapa Kisangani, ni mdomo wangu mwenyewe. Siku familia mbili zilipokaa kupanga harusi ya binti yetu Nadège, wajomba wa bwana harusi walianza kutaja kreti za bia ya kiwanda, kreti juu ya kreti, nami nikaona uso wa mume wangu unasinyaa. Nikadakia. "Bia mutaniachia miye," nikasema. "Kwa harusi ya mutoto wangu batu hawatakunywa bia ya duka." Watu wakapiga makofi. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka chooni.

Kupika bia najua, hilo mtaa mzima utawaambia. Kwa ninyi ambao hamjawahi kujaribu: bia huanza na kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaachwa iote, ikakaushwa na kutwangwa. Kimea ndicho kinachougeuza uji kuwa mtamu, na utamu huo ndio unaokuja kuchachuka ukawa bia. Zamani nilikuwa nachanganya na kimea cha shayiri kinacholetwa na wachuuzi wa njia ya Bunia, lakini siku hizi bei yake, jamani, inakata hamu hata ya kuuliza. Nikaamua nitumie mahindi. Mahindi yapo, ni ya kwetu, na hayamfilisi mtu.

Mahindi nilinunua kwa Tonton Saidi, mzee ambaye baba yake na babu yake waliuza nafaka pale pale sokoni. Ni Mwislamu wa kuswali swala zote, pombe hajawahi kuitia mdomoni, lakini alinichagulia gunia kana kwamba harusi ni yake. Alitia mkono mpaka chini, akanusa, akatafuna punje. "Ile kintu yako mi sinywi, mama," akaniambia, "lakini usiseme Saidi alikuuzishia mahindi mubaya." Nikacheka, nikabeba.

Nyumbani nikaloweka, nikatandaza juu ya majani ya ndizi, nikafunika kwa gunia lenye maji. Kila asubuhi nilifunua kuchungulia. Wapi! Hakuna hata punje moja iliyotoa jicho. Badala ya kuota yakaanza kunuka, na jirani akauliza juu ya ukuta ni mnyama gani amefia kwetu. Niliyachukua kiganjani nikarudi nayo sokoni, kichwa kinachemka.

Tonton Saidi hakubisha. Aliyageuza, akatikisa kichwa. "Aa, mama. Weye ulitaka ya kuota? Hukusema! Sasa iko musimu ya mvua. Mahindi inafika na bateau ya mutoni ikiwa maji maji, banaikausha juu ya mabati, moto chini, ili isioze. Kwa bugali iko bien. Kwa kuota, ilisha kufa." Nikamwuliza nani sokoni ana mahindi mengine. Akasema wote wamekausha vilevile. "Enda kule inatoka. Enda Yangambi."

Yangambi! Moyo ukanirukaruka, maana Yangambi ndiko aliko dada yangu mkubwa, ambaye kwa kumheshimu namwita Yaya, Yaya Mado. Yeye Mungu hakumpa mtoto. Nilipougua baada ya kumzaa Nadège, ni Yaya Mado aliyemchukua akamlea mpaka akaanza kukimbia, na hadi leo akimtaja husema "mutoto wangu", wala sijawahi kumsahihisha. Nikamtumia habari kwamba naja, nikafunga nguo mbili, sabuni na chumvi, nikamwachia mume wangu sufuria.

Asubuhi ya safari nilichukua pikipiki hadi beach, kule mashua za mbao zenye mota zinakopakia. Nilipata nafasi kati ya magodoro na mama mmoja aliyebeba bata. Tulipaswa kuondoka mapema. Tuliondoka jua likiwa limeshachoma mabega, kwa sababu mwenye mota alikuwa bado anakula. Nililalamika kwa sauti, akanijibu, "Mama, maji haikimbii," akalamba vidole. Basi.

Mchana wote tulishuka na mto. Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na visiwa vya magugu vilikuwa vinashuka pamoja nasi bila haraka. Mama wa bata akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamweleza habari ya mahindi. Alicheka mpaka bata wakashtuka. "Batu bote banapeleka mahindi Kisangani, weye unaitoka Kisangani kuitafuta!" Mashua nzima ikapata cha kusema. Kabla hatujafika usawa wa Yanonge nilikuwa nimeshapewa jina, Mama Mahindi, na mtu alinipa kipande cha kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa liboke aliyeokwa ndani ya majani, nisife njaa kabla ya kuyapata. Nilikula huku nimenuna, lakini samaki alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, tulitia nanga Yangambi. Yaya Mado alikuwa pale ukingoni, mikono kiunoni, akitukana mwenye mota kwa kuchelewa. Halafu akaniona, akaanza kunitukana mimi.

"Ona ginsi ulikonda! Bwana yako hakulishi?"

"Yaya, bonjour kwanza."

"Bonjour ya nini! Leta ile saki." Akaninyang'anya mzigo, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Njia nzima hakuuliza habari yangu hata moja. Aliuliza ya Nadège: gauni lina rangi gani, bwana harusi ana tabia gani, mama mkwe ana mdomo au hana. Nilimwambia yote, pamoja na kiapo changu cha bia. Akasimama katikati ya njia. "Uliahidi mbele ya bakwe? Basi hakuna kurudi nyuma, mudogo yangu. Tutatafuta."

Siku zilizofuata tulitafuta kweli. Sokoni mahindi yalikuwa mengi, lakini sasa nilikuwa nimejanjaruka. Nilikuwa naomba konzi moja kwanza, naifunga kwenye kitambaa chenye maji, naiweka mahali pa joto nyuma ya jiko la Yaya. Vitambaa vikajaa pale kama nepi za mapacha. Hakuna kilichoota. Huku nako mvua haikupumzika, na kila mtu alikuwa amekausha kwa moto. Katika duka moja la mbegu nilipata mahindi hai, mazuri, ila yalikuwa yamepakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu. Muuzaji alinionya kabla sijauliza: "Ile ni ya kupanda tu, mama. Mutu akiinywa, mutamuzika." Nikatoka nimeinamisha kichwa.

Tukajaribu mpunga. Mpunga wa kule ni wa bei nafuu na uliota, nikapiga vigelegele peke yangu uani. Nikaukausha, nikautwanga, nikautia kwenye uji wa muhogo uliopoa kiasi cha kuvumilika kidoleni. Kimea chenye nguvu kikiingia hapo, uji mzito hulegea mbele ya macho yako ukawa maji, na ukionja ni mtamu. Ule wa mpunga ulikaa vilevile, mwiko umesimama katikati kama askari. Nikakaa chini nikalia. Ndiyo, nililia, mama mzima. Niliona wajomba wa bwana harusi wakiangalia vikombe vitupu, na mwanangu akiinamisha uso siku ya harusi yake kwa ajili ya maneno yangu.

Yaya Mado hakunibembeleza. Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Sasa niwaambie jambo ambalo nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza nikakaa kimya. Juu ya jiko lake, karibu kabisa na paa, mahindi yalikuwa yananing'inia, yamefungwa mafungu kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Kule kwetu kila mtu anajua hayo ni nini. Hayo ni mbegu ya msimu ujao. Moshi huyalinda na wadudu, na yapo juu sana, joto la kuyaua haliyafikii. Mgeni anaweza kuomba kuku wa mwenyeji, anaweza kuomba hata kitanda chake, lakini ile mbegu ya juu ya jiko haiombwi. Sikuiomba. Hata macho nilikuwa nayazuia yasipande kule.

Kesho yake nilitoka kuoga mtoni. Niliporudi, paa lilikuwa tupu. Yaya Mado alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, anapukuchua. Beseni lilikuwa limeshajaa nusu.

"Yaya, unafanya nini?"

"Huoni?"

"Hapana! Rudisha! Ile ndio shamba yako ya musimu inakuja!"

"Mi najua iko nini. Mi niliitundika, haukuwa weye."

"Utapanda nini? Utakula nini?"

"Nitaomba kwa majirani. Watanipa."

"Watakupa ile ya mabati? Ilikufa yote, tumeijaribu pamoja!"

Hapo akaacha kupukuchua. Aliponitazama, macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni moshi. "Georgine, sikia. Miye sitaoza mutoto mwingine. Iko ule mumoja tu. Weye unatoa gauni, bwana yako anatoa mbuzi, miye natoa nini? Naenda kukaa pale na mikono mitupu, banasema huyu mama mukubwa alileta nini?" Akasukuma beseni kuelekea kwangu. "Funga mudomo, pukuchua."

Nilikaa kwenye mkeka, nikapukuchua. Tulipomaliza alikuwa amepata tabasamu lake, akaanza kuimba nyimbo za harusi, nami nikaimba naye. Konzi niliyoweka kwenye kitambaa iliota yote, punje kwa punje, vijicho vyeupe vinene. Sikuwahi kuona mahindi yenye uhai namna ile.

Safari ya kurudi, kupanda mto, ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Mzigo niliuweka mapajani, sikumruhusu mtu kuugusa. Mwenye mota alinitambua: "Mama Mahindi! Ulipata?" Nikasema nilipata. Abiria wakashangilia, nami nikageukia mtoni wasinione. Niliwaza shamba la dada yangu msimu unapofika, wenzake wanapanda, yeye amesimama na jembe. Mahali fulani kabla ya Kisangani nikasema moyoni, Georgine, unajiita mpishi wa bia, basi pika.

Nyumbani sikuotesha mzigo wote. Nilipima sehemu ndogo, niliyoona haiwezi kupungua tena, nikailoweka na kuilinda. Mwili wa bia niliufanya kwa muhogo, ule wa kawaida wa sokoni Mangobo, unaouzwa bei ambayo hata mwanafunzi ataimudu. Kwanza nikajaribu sufuria moja: nikausonga uji mzito, nikausubiri upoe mpaka kidole kikavumilia, nikamwaga kimea kilichotwangwa na kuanza kukoroga. Mume wangu alikuja kusimama nyuma yangu. Mwanzoni mwiko ulisimama. Halafu, polepole, uji ukaanza kulegea. Mwiko ukainama. Nikaendelea kukoroga mpaka ukawa mwepesi kama maji ya mchele, nikaonja. Sukari! Nikamwonjesha mume wangu, akasema, "Kumbe mdomo wako unajua kitu," nikampiga na kitambaa. Kimea kingine nikakitunza kikavu, nije kupika masufuria yote na kuyaacha yachachuke wiki ya harusi.

Nawaambia ninyi mnaopika bia kwenu: msikimbilie nafaka ya bei rahisi kabla hamjaijaribu. Ombeni konzi moja, mloweke, msubiri. Yasiyoota ni ya ugali. Na mkipata hai, hata kidogo, msiyatumie yote kama watu wenye kiwewe. Wacheni yafanye kazi juu ya muhogo.

Mahindi yaliyobaki, ambayo ndiyo yalikuwa mengi, niliyarudisha kwenye mfuko wake, juu yake nikaweka sabuni na kitenge, nikampa mwenye mota apeleke Yangambi. Nilimwambia asitaje jina langu mpaka mashua iwe inaondoka ukingoni, maana namjua dada yangu, angemrushia mfuko kichwani.

Siku ya harusi, majuma kadhaa baadaye, Yaya Mado alifika akiwa amevaa kile kitenge, na hakunisalimu. Alipita mbele yangu moja kwa moja, akamkumbatia Nadège, wakalia wote wawili. Wajomba wa bwana harusi walikuwa wameshaanza kunywa na kusifu, wanauliza bia hii ni ya kiwanda gani, lakini mimi sikuwasikia vizuri. Nilikuwa namtazama yeye. Nikajaza kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo, kama mdogo anavyompa mkubwa.

"Nilikupatia saki nzima," akasema, bila kukipokea.

"Najua, Yaya."

"Weye uliregesha."

"Ndiyo, Yaya. Unisamehe."

Alikichukua. Akanywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena, mpaka mwisho. Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama, maana ulimi wa dada yangu unajulikana hadi Kisangani.

"Ile uliregesha niliipanda," akasema. "Imeota yote, inafika hapa." Akajigusa goti. Halafu akatazama chini ya kikombe, kisha akamtazama Nadège aliyekuwa anacheza ngoma na wakwe zake, na machozi yakamtoka bila kujificha. "Na ile ingine iko hapa, bakwe banaikunywa. Aa, Georgine. Ndio vile miye naoza mutoto."

Akaninyooshea kikombe nikijaze tena.