Nyambura Alitaka Kuiona Kampala

Siku daktari hapa Eldoret alipomwambia mdogo wangu Nyambura kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya macho yake, na kwamba kilichopotea hakitarudi, Nyambura hakulia. Aliuliza tu amebakisha muda gani. Daktari akasema hawezi kujua kwa hakika. Dawa zingechelewesha, lakini hazingezuia kabisa. Tukarudi nyumbani Yamumbi. Jioni, nikiwa nafunga duka langu, alikuja akasimama mlangoni.

"Dada, nataka tutoke nje ya nchi."

"Umesikia kuna daktari huko?"

"Wacha madaktari. Nairobi nimeenda mara ngapi, na kila nikienda ni kliniki. Nataka kwenda mji mkuu wa watu wengine, nishuke kama mtalii, nizunguke, nirudi. Nikiwa bado naona."

Nyambura ni fundi wa kushona sare za shule. Mume wake alifariki zamani, watoto wameoa na kuolewa, na maisha yake yote hakuwa amevuka mpaka. Tulichagua Kampala kwa sababu mabasi ya huko hupitia hapa Eldoret, na vitambulisho vyetu vingetosha kutuvusha. Tulichanjwa homa ya manjano, tukapewa kadi. Binti wa jirani, ambaye aliwahi kufanya kazi Kampala, akatupa namba ya mama mmoja anayekodisha vyumba upande wa Mengo. Mimi nikajaza siku zote: makumbusho, makaburi ya wafalme, kanisa kuu, soko, ziwa. Kila nilipokumbuka maneno ya daktari niliongeza mahali pengine.

Tuliondoka asubuhi na baridi. Nyambura alikaa dirishani. Turbo ikapita, kisha Webuye, kisha Bungoma, mahindi yakiwa yamesimama pande zote mbili za barabara. Hakusema mengi. Nilimwona akigeuza kichwa polepole, kama mtu anayefuata kitu kwa macho mpaka kipotee.

Malaba tulishuka, tukapanga laini. Nilimshika mkono kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa na ngazi moja ambayo nilijua hangeiona. Afisa wa uhamiaji alituangalia, akaangalia mkono wangu juu ya mkono wake.

"Mama, mnaenda hospitali gani?"

Nilifungua mdomo kujibu, Nyambura akanitangulia.

"Hatuendi hospitali. Tunaenda kutalii."

Afisa akaturudishia vitambulisho. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Karibuni Uganda, mama. Mtembee salama." Tulipotoka nje, Nyambura alikuwa ameinua kichwa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya daktari.

Tulifika Kampala jioni, msongamano wa magari ukiwa umekaza. Mwenyeji wetu, Mama Babirye, mjane mnene mwenye sauti ya chini, alitupokea kwa chai na matoke. Hakuuliza tumekuja kufanya nini. Aliuliza kama tumechoka, akatuonyesha chumba.

Siku iliyofuata niliiharibu mimi. Asubuhi nilimpeleka makumbusho, na kabla hajamaliza chumba cha kwanza nikamvuta cha pili. Tukakimbilia kanisa kuu la Namirembe. Kila mahali nilikuwa nikinyoosha kidole: tazama kule, umeona kile, angalia juu. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Tulipofika Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, alijikwaa kwenye jiwe akaanguka kwa magoti. Nilimwinua, nikampangusa vumbi, nikaendelea kumwelekeza. Akakaa chini palepale.

"Dada, unanionyesha mji ama unanikimbiza?"

"Nyambura, unajua siku zenyewe ni chache. Nataka uone kila kitu."

"Kila kitu siwezi. Hata wewe na macho yako mazima huwezi. Unajua mimi huona aje?"

Tulikuwa tumeenda kliniki pamoja miaka miwili, na sikuwa nimewahi kumuuliza.

"Pembeni kote ni giza," akasema. "Katikati kumebaki kadirisha kadogo, kama tundu la kifungo. Lakini ndani ya hako kadirisha naona vizuri, hata mbali. Ni lazima tu nitafute kitu, nikipate, nikae nacho. Nikishakipata, wewe umeshaniambia nitazame kingine."

Tulirudi Mengo mapema. Mama Babirye aliona nyuso zetu, akaona na goti la Nyambura, akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi. Alipoelezwa, alikaa akifikiri.

"Nnyabo," akamwambia Nyambura, kama wanavyomwita mwanamke huko, "kesho nenda pale msikiti mkubwa, kwenye kilima cha Old Kampala. Mnara wake wageni hupanda. Mji wote uko chini yako. Hutahitaji kuufuata."

Sisi ni watu wa kanisa, na sikuwa nimewahi kuingia msikitini. Kesho yake tulipokewa mlangoni na mwanamke mtulivu aitwaye Mariam, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni. Alitufunga vitambaa kiunoni na mitandio kichwani, kisha akatazama ngazi zinazozunguka ndani ya mnara, akamtazama na Nyambura.

"Utaweza?"

"Nitashika ukuta," akajibu Nyambura.

Alipanda akipapasa kila ngazi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Mara mbili nilitaka kusema turudi. Mara zote mbili nilijizuia. Watu walitupita, wakashuka, wengine wakapanda, na sisi bado tulikuwa njiani.

Juu kulikuwa na upepo na madirisha kila upande. Mariam alitaja vilima kimoja kimoja: Namirembe, Rubaga, Mengo, Makerere, Kololo. Nyambura alishika ukingo wa dirisha, akaanza kutafuta. Nilifunga mdomo. Ilikuwa vigumu kuliko kupanda.

Baada ya muda mrefu akasema, "Kuna mama anaanika mashuka juu ya nyumba. Meupe. Upepo umemnyang'anya moja."

Nilitazama, sikumwona. Yeye alicheka peke yake, kisha akaendelea: mafundi wawili waliokuwa wakipaka paa rangi ya kijani, korongo mkubwa aliyesimama juu ya taa ya barabarani, barabara nyekundu iliyopanda kilima mpaka ikaishia kwenye mti mmoja. Kundi lingine la wageni lilifika, nami nikaona haya kwa kuziba dirisha. Nikamgusa bega.

"Mwache," Mariam akasema. "Kaa, nnyabo. Mji hauendi mahali."

Nyambura akalia hapo, kimya, bila kuondoa uso dirishani. Alikuwa akipangusa machozi haraka haraka, kwa sababu yalikuwa yakimzuia kuona.

Siku zilizobaki hatukwenda kwingine kwa haraka. Tulikaa sokoni kwenye benchi moja asubuhi nzima. Ziwa hatukulifikia, naye hakulitaja. Siku ya kurudi, Mama Babirye alimkumbatia kwa muda mrefu, na safari hii Nyambura alilala njia yote mpaka Eldoret, isipokuwa pale mpakani.

Msimu wa mvua ndefu uliofuata, jicho la kushoto lilizima. La kulia sasa linatofautisha mchana na usiku, basi. Amejifunza nyumba kwa mikono, na kuna siku hataki kuongea na mtu yeyote. Siku hizo namwachia chai mlangoni. Lakini akina mama wa kanisa wakija Jumapili na kumuuliza habari za Kampala, yeye ndiye husimulia. Mimi niliyezunguka na macho yangu mawili nakumbuka majina ya mahali na uchovu wa miguu. Yeye anawaambia yule mama alivyolikimbiza shuka lake juu ya paa, akalidaka kwa kona likiwa karibu kuanguka barabarani. Sehemu hiyo ya mwisho hakuwa ameniambia kule juu. Niliisikia kwa mara ya kwanza sebuleni kwangu, nimekaa pamoja na wageni, nikimsikiliza.