Nilimshika mkamwana wangu mkono, mashine ikamla mwanangu vidole

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, labda na zaidi, maana sikuandikwa popote. Naishi Maretadu, Mbulu. Shule sikwenda, kwa hiyo naongea kwenye simu. Andikeni nilivyosema, msinipambe.

Mwanangu ni fundi wa vihenge vya bati, vile vya kuhifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi. Ana mashine ya kukunjia: rola tatu nene za chuma, mota inazizungusha, bati likipita katikati linatoka limejikunja. Yeye anasukuma bati upande huu, mke wake anasimama kwenye swichi upande ule. Bati likianza kujikunja linainuka kama ukuta, hawaonani. Wanaenda kwa sauti tu. "Washa!" "Zima!"

Siku hiyo nilitoka kung'oa maharage, nina njaa na hasira. Nikapita kwa mkamwana. Akainamisha kichwa, "Shikamoo mama," mkono haukutoka kwenye swichi. Kwetu mkubwa anapewa mkono.

"Mimi nanuka?"

"Subiri kidogo mama, bati linapita."

"Hilo bati ndilo limemzaa mume wako?"

Nikauvuta ule mkono, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Akacheka. Na mimi nikacheka, maana yule binti nampenda kuliko hata niliowazaa.

Ndipo tukasikia, "Zima!" Glovu ya mwanangu ilikuwa imenaswa kwenye rola. Binti akajivuta arudi kwenye swichi, na mimi mjinga nikadhani bado ananidharau. Nikaubana mkono. "Zima!" ya pili haikuwa sauti ya mtu mzima.

Vidole vinne, mkono wa kulia.

Hospitali mwanangu alimuuliza mkewe, "Ulikuwa wapi?" Nilikuwa hapo hapo, nimeshika chupa ya uji. Binti akanitazama, akainama. "Nilizubaa," akasema. Nami nikaanza kumimina uji.

Mwanangu akamrudisha mkewe kwao Gitting, na mtoto mgongoni. Mashine imefunikwa turubai, umeme umekatwa, lakini mchana kweupe nikipita naisikia inazunguka. Nikipepeta mahindi nasikia, "Zima!" Kanisani wakipeana mikono ya amani, yangu naificha ndani ya shuka. Wajukuu wakija na shikamoo nawafukuza, kisha nalia.

Juzi nimempigia binti. Nikamwambia nakwenda kusema. Akajibu, "Mama, nyamaza. Mimi ameshanichukia. Akikuchukia na wewe, nani atamfunga vifungo vya shati?"

Mnamsikia mtoto wa watu huyo? Na Jumapili wazee wanakaa kuivunja ndoa yake, eti kwa uzembe wake. Mwanangu ameniomba nikae upande wake. "Mama, nimebaki na wewe tu," ameniambia, kijiko mkono wa kushoto, mchuzi unamwagika kifuani.

Nikisema, nitamuua mwanangu mara ya pili. Nikinyamaza, nimemzika binti akiwa hai.

Nitukaneni, nimestahili. Ila asiniambie mtu nikatubu kwa Mungu. Mungu alikuwepo, aliona. Aliyekuwa nyuma ya bati, asione, ni mwanangu. Wanangu, mnaojua kusema na watu, nipeni neno la kwanza tu la kumwambia. La pili nitalitafuta mwenyewe.