Jina Langu Linasoma Vibaya

Yule binti wa benki aliniambia maneno manne tu, na mimi nikayasikia kama radi nne za mwezi wa kumi na mbili. "Baba, jina lako linasoma."

Mwanzo nilifurahi. Mimi shule niliiona dirishani. Darasa la pili niliingia asubuhi, saa nne nikatoka kwenda kuchunga, mpaka leo mwalimu ananisubiri. Sasa nasikia jina langu linasoma! Nikamwambia, "Mwanangu, basi limenizidi mimi mwenyewe. Limefika darasa la ngapi?"

Hakucheka. Alikuwa binti wa Mbeya, mpole, ana miwani, na mtu mpole asipocheka ujue kuna msiba. Akageuza kompyuta kidogo upande wake, kama daktari anayeficha cheti. "Linasoma vibaya, baba. Kuna mkopo wa simu umeuchukua na hujalipa. Una miezi saba."

Nikasema mimi sijawahi kukopa kwenye simu hata mia. Akasema mfumo unaonyesha nimekopa mara sita, tano nikalipa kwa kusuasua, ya sita nikakaa kimya. Bahati nilikuwa kwenye kiti. Ningekuwa nimesimama mngeniokota na chepe.

Nieleze kwanza kilichokuwa kinanitetemesha. Nina mashine ya kusaga pale Majengo, na mimi na mama watoto tumelala chumba cha nyuma ya hiyo mashine miaka kumi na moja. Unga tumeuvuta mpaka nikikohoa unaweza kupika ugali wa watu wawili. Chumba cha kupanga, mwenye nyumba akipandwa na hasira anapandisha kodi. Basi ikatokea nyumba mtaa wa Izia. Vyumba vitatu, bati zima, hati ipo, na nyuma kuna kipande cha kulima maharage. Mwenyewe ni mzee mstaafu anahamia kwa binti yake, akatupenda, akasema, "Nawangoja mpaka Ijumaa. Ijumaa jua likizama, kuna mnunuzi wa maharage ana hela taslimu, nampa yeye." Nami nikaomba mkopo wa nyumba. Karatasi zote nikapeleka, picha za mashine, risiti za umeme, barua ya mtaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kwani mnaangalia mambo ya simu?" nikamwuliza yule binti. "Mimi nilijua mnaangalia nyumba."

"Nyumba tunaiangalia, baba. Mashine yako tumeiangalia. Lakini kabla hatujampa mtu mkopo wa miaka kumi, tunaangalia na yeye mwenyewe analipaje. Aliyeshindwa laki na themanini, atawezaje mamilioni?"

Hapo alisema kweli. Hata mimi mtu aliyenizungusha debe moja la mahindi simsagii magunia kumi kwa ahadi.

"Sasa namba yenyewe ya simu ni ipi?" nikauliza. Akaniandikia kwenye kikaratasi. Nikakibeba mpaka nyumbani mkononi kama nimebeba nyoka.

Mama watoto alikuwa anachekecha unga. Akakitazama kikaratasi mara moja tu, chekeche likamtoka mkononi.

"Hii namba ya mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Wa Kirando. Wewe si ndiye uliyemsajilia laini?"

Hapo nikakumbuka yote. Wakati ule wa kusajili laini kwa vidole, mama mkwe alikuja mjini kusajili ya kwake, kile kimashine kikamkataa. Kidole cha kwanza kikakataa, cha pili, kumi vyote. Ameanika dagaa miaka arobaini, ameparua mchanga wa moto na chumvi mpaka vidole vimelika, laini kama jiwe la kusagia. Yule kijana wa laini akasema, "Bibi, wewe huna alama." Mama mkwe akainama kwa aibu. Mimi nikaona huo ndio wakati wa mkwe kuonyesha ukwe. Nikasogea na dole gumba langu, lina mistari mingi kuliko shamba la matuta, nikabonyeza, kikalia ti! Nikasifiwa pale, mpaka yule kijana akasema huyu ndiye mkwe. Kumbe nilikuwa nimeliacha jina langu Kirando, linakopa kando ya ziwa bila mimi.

"Kesho nakwenda kumwuliza," nikasema.

Mama watoto akasimama. "Kumwuliza nani? Mama yangu? Deni? Mkwe anamdai mkwe? Ukimdai mama yangu mimi nitaishi wapi?"

"Izia," nikamwambia. "Nisipomdai, sijui."

Hakucheka na yeye. Siku hiyo utani wangu wote ulikuwa kama mbegu zilizoliwa na fukusi. Usiwaone watu wa mbali wanatuogopa sisi wa Sumbawanga, eti tunapaa na ungo. Mimi jioni ile niliogopa vitu viwili, kompyuta na mama mkwe, na sikujua kipi kinaniua kwanza.

Alhamisi asubuhi nikapanda gari. Huku juu baridi, nilivaa makoti mawili na kofia. Gari likateremka, likateremka, masikio yakaziba, nikahisi tunashuka mpaka kwa mababu. Kirando nikafika nimebeba makoti begani, jasho linanitiririka, na nusu yake halikuwa jasho la joto.

Sasa mjue, kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso kama mnauziana nyanya. Unachuchumaa mbali, unatazama chini, na maneno yanapita kwa mtu wa katikati. Nikachuchumaa upande huu wa dagaa walioanikwa, mama mkwe upande ule, katikati shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyekuwa anapokea na kupeleka. Hatua tano tu, tunasikiana vizuri kabisa, lakini shemeji anarudia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Anakwambia shikamoo," shemeji akasema.

"Mwambie marahaba. Mwambie mbona hajatoa taarifa? Kuna msiba?"

"Anauliza kuna msiba?"

Nikataka kusema upo, umo kwenye simu yako. Nikatazama dagaa, dagaa wakanitazama, macho elfu kumi. Nikasema, "Hakuna msiba. Nimekuja kuulizia ile simu. Kama inafanya kazi."

Mama mkwe akacheka kwa furaha, hata hakungoja shemeji. Akachomoa kitochi chake kwenye khanga. "Hii? Mwambie mkwe wangu Mungu amzidishie! Nimezaa sita, hakuna anayenijibu nikikwama. Lakini huyu, nabonyeza moja tu, hela inaingia na jina lake juu. Pwani yote hii wanajua nina mkwe!"

Akampa shemeji simu asome, nisikie. Shemeji akasoma jina langu zima, la kwanza mpaka la babu, kisha "umepokea..." Neno lililofuata lilikuwa mkopo, hakulitoa. Akaninyanyulia macho. Yeye kasoma mpaka kidato cha nne, akaelewa yote kwa mara moja. Mama mkwe anaijua sura ya jina langu tu, kwa sababu aliwahi kuliona kwenye kadi ya harusi. Mengine yote kwake ni mapambo.

"Ila siku hizi," mama mkwe akaendelea, akashusha sauti kwa huruma, "jina lake linakuja kila siku lakini hela hamna. Nikasema masikini, ananisalimia tu. Hali imekuwa ngumu huko mjini. Mwambie simlaumu."

Miezi saba ya kudaiwa, yeye anahesabu salamu!

Na hizo tano zilizolipwa? Mnunuzi mmoja wa dagaa alikuwa anamtumia hela kwenye simu, kampuni inajikatia yenyewe. Mama mkwe akaona hela kwenye simu zinapungua, akaomba alipwe taslimu. Ndiyo maana ya sita ikabaki.

Shemeji alikuwa ananingoja. Mama mkwe ananingoja. Ijumaa inaningoja. Nikisema kweli, huyu mama ataanguka kwa aibu mbele ya pwani nzima aliyonisifia. Nisiposema, ataendelea kubonyeza moja na jina langu litaendelea kusoma mpaka lifike chuo kikuu.

Nikasema, "Mwambie mama laini hii imechakaa. Nimemletea wazo la kusajili nyingine. Kwa jina la shemeji."

Shemeji akarudia neno kwa neno, akaongeza na la kwake: "Na hela ukikwama uniambie mimi, nitampigia mkwe." Mungu ambariki shemeji yule. Mama mkwe akakubali, akanifungia dagaa sado mbili. Nikaenda nyuma ya banda la boti nikalipa deni lote kwa simu, laki na themanini na vidonda vyake vya kuchelewa, na kwa haraka namba ya siri nikaikosea mara mbili. Ningeikosea ya tatu ningefungiwa, na leo ningekuwa nawasimulia nikiwa chini ya lile bati la Majengo.

Ijumaa saa mbili nilikuwa mlangoni mwa benki hata mlinzi hajafunga mkanda. Nikampa yule binti ujumbe wa malipo. Akaangalia, akaangalia.

"Umelipa, baba, vizuri. Itasoma umelipa. Lakini itasoma pia kwamba ulichelewa. Hilo halifutiki leo."

"Hata kama siyo mimi niliyechelewa?"

"Laini ni ya nani?"

Nikamweleza habari ya vidole vilivyolika. Akavua miwani, akaifuta. "Baba, mfumo haujui mkwe. Unajua dole tu." Kisha akasema atapeleka faili kwa wakubwa na maelezo yangu, lakini kwanza niangalie laini zote zinazosoma kwa jina langu. Akanisaidia kubonyeza. Zikaja tano. Yangu moja, ya mama watoto, ya mama mkwe. Mbili sizijui.

Mbili! Nikakaa pale nawaza ni nani niliowapa dole. Nilikuwa mkarimu wa dole mwaka ule, aliyekataliwa yeyote mimi nipo. Yule binti akaangalia, hazikuwa na deni. Nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya laini zikafungwa, kisha nikarudi kwenye benchi la benki. Saa tisa mzee wa Izia akapiga: mnunuzi wa maharage ameshafika, amekaa uani, ana mfuko. Saa kumi kasoro robo akapiga tena. Sikupokea. Nilikuwa nakojoa kila dakika kumi, mlinzi akaniuliza kama nina sukari.

Saa kumi na robo binti akatoka. "Wamekubali. Siyo yote uliyoomba. Wamekata robo, kwa sababu ya ile historia."

Nikakimbia Izia kwa bodaboda, sikumbuki hata kama nilikaa juu yake au niliishika mkia. Mzee alisikiliza, akamtazama mwenye mfuko, akanitazama mimi. Robo iliyopungua akakubali nimlipe baada ya mavuno, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi wa maharage akaondoka bila kuaga.

Jumamosi jirani yangu wa Majengo, mtu mzima wa kanisani, akaja analalamika laini yake ya simu imekufa ghafla. Nikampa pole.

Tumehamia. Mama watoto ameshapanda maharage nyuma. Miaka kumi ya kulipa, na kila mwezi nalipa siku tano kabla, mpaka yule binti ananiuliza kama namwogopa. Namwogopa. Nyumba ina vyumba vitatu, na mimi nimeshalala vyote kwa zamu, natafuta kile ambacho hakina woga. Bado sijakipata.